Nani Anaidai Ramisi?

Kiwanda cha sukari cha Ramisi, Kwale, kilifungwa mwaka 1988, lakini huku kwetu Bofu, Likoni, bado wapo wazee wanaokitaja kana kwamba zamu ya usiku inaingia leo. Ukishuka feri Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, Ramisi iko mbele ya Ukunda na Msambweni. Kilipozimika, baadhi ya waliokitegemea waliufuata mji. Wakapanga vyumba Likoni, wakawa wanavuka kila alfajiri kwenda kusaka vibarua kisiwani Mombasa. Watoto wao ndio majirani zetu.

Hasara ya kiwanda huhesabiwa kwanza kwa mwenye nacho. Ramisi ilianzishwa mwaka 1927, na baadaye ikawa mali ya ukoo wa Madhvani. Mzee wao, Muljibhai, alitoka Gujarat akiwa kijana mdogo, akafanya biashara Uganda hadi akafungua kiwanda cha Kakira karibu na Jinja mwaka 1930. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wahame, ukoo huo ulinyang'anywa Kakira. Katika miaka ya 1980 ukarejea na kuifufua, na Manubhai, mwana wa Muljibhai, akaziandika kumbukumbu zake katika kitabu. Sina kijicho naye. Mtu aliyefukuzwa alikojenga ana haki ya kulia. Ila Ramisi haikufufuka pamoja na Kakira, na waliokata miwa yake hawakuandika kitabu.

Mmoja wao ni mzee wa mtaani kwetu. Ukitaka kumjua, simama naye penye mkokoteni wa juisi ya miwa. Huomba kisu, akakata kipande cha shinani na kipande cha karibu na kilele, akatafuna kimoja baada ya kingine, kisha akatema makapi. "Mua ukiiva," asema, "utamu wa chini na wa juu hukaribiana. Huu umekatwa mapema. Na umekaa, mua ukishakatwa usizidi siku mbili, sukari inakimbia." Kijana wa juisi hucheka: "Babu, tutaongeza ndimu." Wateja nao hucheka. Mzee hurudisha kisu na kwenda zake. Ujuzi wa miaka mingi sasa kazi yake ni kuchekesha watu penye mkokoteni.

Humfikiria huyo mzee ninaposoma habari za Waswisi waliohamia Marekani mwaka 1845, wakitoka jimbo la Glarus kwa umaskini, wakaanzisha mji wa New Glarus huko Wisconsin. Walikuja na ufundi wa jibini. Mwanzoni mwa karne ya 20, wilaya yao ya Green ilikuwa na viwanda vya jibini zaidi ya 200, vingi vidogo, kila kimoja kikichukua maziwa ya wafugaji wa jirani. Leo vimebaki vichache mno. Limburger, ile jibini yao yenye harufu kali, kwa miaka mingi imetengenezwa na kiwanda kimoja tu Marekani nzima, karibu na mji wa Monroe, kilichoanzishwa na wafugaji watano kwa ushirika mwaka 1885. Kwa hiyo kule pia wamepoteza. Lakini ufundi ule ulishatoka mikononi mwa familia za wageni ukaingia mikononi mwa jirani, na jimbo la Wisconsin humpa mtengeneza jibini leseni yake. Mwenye kiwanda akifunga, fundi anabaki fundi. Mzee wetu alitoka Ramisi bila karatasi hata moja ya kusema anajua nini.

Na afadhali yeye, maana ni Mdigo, amefiwa na kazi akiwa kwao. Wapo Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale. Kazi ilipokwisha, walijikuta hawana ajira wala kitambulisho, na watoto waliozaliwa hapa wakarithi ugeni wa baba zao. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Ukoo wa wenye kiwanda na koo za Wamakonde wote walikuwa wageni. Tofauti ni kwamba mmoja alipopoteza alikuwa na pa kwenda, na mwingine hakuwa hata na pa kuhesabiwa.

Siku hizi miwa imerudi. Kampuni mpya, KISCOL, imepanda upya na kujenga kiwanda kingine, na kesi za wanaosema ardhi ni yao zimefika mahakamani. Sishangai. Huku Pwani mtu akifa, kabla hajazikwa, jamaa mmoja husimama mbele ya watu na kutangaza: anayemdai marehemu aje atuone. Hata maskini hutangaziwa hivyo. Matanga huanuliwa watu wakiwa wamejua deni ni la nani na yatima watalala wapi, ndiyo maana walio hai wanaweza kuendelea bila kuoneana shaka. Mwaka 1988 kiwanda kilikufa pasipo tangazo. Mfanyakazi akabaki na dai lake, mwenyeji na lake la shamba, Mmakonde na lake la uraia, kila mtu kivyake kwa miaka mingi. Uchungu wa namna hiyo haupoi kwa kupandwa miwa mingine juu yake. Ramisi ina wadai wengi, na hadi leo hajasimama mtu akasema: mimi ndiye jamaa wa marehemu.