Tasa Si Jina la Mtu

Neno tasa nililikuta kwanza katika hisabati. Nilikuwa shule ya msingi. Mwalimu aliandika ubaoni 2, 3, 5, 7, 11, akasema hizi ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Nililipenda neno lile kwa wepesi wake: silabi mbili, irabu moja, limetamkwa na limekwisha. Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kutunga, nikalitia katika shairi la ukame: ardhi tasa, mbingu tasa, mwaka tasa. Waliolisikia walilisifu. Hakuna aliyeuliza, wala mimi sikujiuliza, kama miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtu aliyekwisha kupachikwa neno hilo kuwa jina lake.

Nililisikia tena nikiwa na umri wa miaka 29, Tanga, nyumbani kwa wakwe zangu, siku ya arobaini ya mtoto wa wifi yangu. Nilikuwa nimeombwa beti za kumkaribisha mtoto, nami nilizitunga kwa moyo mkunjufu. Nilikuwa stoo nikitafuta sinia, na dirishani zikaingia sauti za wanawake waliokuwa uani wakichagua mchele. Mmoja alisema, "Beti kazijua, tumbo ndilo tasa." Wenzake wakacheka, cheko dogo lisilo na chuki. Masikio ya mtunzi hayana huruma kwa mwenyewe: kabla machozi hayajanitoka nilikuwa nimekwisha kuhesabu. Mizani sita kwa sita. Mstari ulikuwa umetimia.

Lugha yetu ina adabu nyingi katika mambo ya mwili wa mwanamke. Msichana huvunja ungo. Kisha huingia mwezini, huona siku zake. Atakaye neno la kitabuni husema hedhi. Misemo hiyo inachukulia kwamba mwezi ukishapita, utarudi. Mimi nilivunja ungo nikiwa na miaka 13, na mwezi wangu haukujua njia ya kurudi. Ilipita miezi mitatu, mara mitano. Mwaka mmoja niliona siku mara nne tu. Kidevuni ziliniota nywele nilizozing'oa usiku mlango ukiwa umefungwa. Mama alisema kila mwili una kalenda yake. Bibi alisema ni chango la uzazi, akanichemshia mizizi michungu, nami nikainywa kwa heshima yake. Baada ya ndoa nilikwenda zahanati moja, nikaambiwa nipunguze mawazo. Hayo ndiyo majina matatu niliyokuwa nayo: kalenda, chango, mawazo. La nne nikapewa uani.

Wiki mbili baada ya arobaini ile nilikwenda hospitali. Nilipimwa damu, nikapimwa kwa ultrasaundi, na daktari, mama wa makamo asiye na haraka, akanigeuzia skrini. Kandokando ya ovari palijipanga vidoa vyeusi vidogo vidogo kama shanga. Akaniambia hali hiyo huitwa sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Nikamwomba alirudie jina, kwa kuwa nilitaka kulishika. Akacheka, akasema hata jina lenyewe linapotosha: vile si uvimbe, bali ni vifuko vya mayai machanga yaliyoanza kukua yakasimama njiani. Homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi, kwangu zilikuwa zimezidi. Na mara nyingi nyuma yake ipo insulini, ambayo mwili hauitikii ipasavyo, hivyo hutolewa kwa wingi na kuzichochea ovari zitoe homoni hizo zaidi. Yai lisipopevuka na kutoka, mwezi huchelewa na mimba haina pa kuanzia. "Kwa hiyo mimi ni tasa?" nilimuuliza. Akajibu, "Hapana. Mayai unayo. Yanachelewa."

Nilitoka nikiwa na neno hilo moja, yanachelewa, kama mtu aliyerudishiwa pete yake.

Baadaye nilisoma zaidi. Mwaka 1935, mjini Chicago, madaktari Irving Stein na Michael Leventhal waliandika habari za wanawake 7 waliokuwa na dalili za namna hii. Mwaka 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilipendekeza jina libadilishwe, kwa sababu linavuta macho kwenye vifuko ilhali jambo lenyewe ni pana zaidi: mtu anaweza kuwa na hali hii bila vifuko hivyo kuonekana, na hatari yake ya kupata kisukari ikawa kubwa. Hukadiriwa kwamba takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anayo, na wengi wao hawajui. Nilipoisoma hesabu hiyo niliwakumbuka wanawake wa pale uani. Walizidi kumi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Methali hii tumezoea kuitumia tunapozungumzia siri za fedha na madeni, tukasahau kwamba asili yake ni chumba cha mkunga. Mimi nilikuwa nimeficha miaka mitatu. Usiku ule nilimweleza mwenzangu kila kitu, hata habari za kidevu, na jibu lake lilikuwa kuniuliza yeye naye apimwe wapi. Kwa mama mkwe nilikwenda mwenyewe, nikakaa chini mkekani, nikamwambia, "Mama, nimeambiwa mayai yangu yanachelewa." Alinyamaza, akaendelea kukuna nazi. Kisha akasema, "Mwanangu, baina ya mumeo na wifi yako ipo miaka tisa. Wewe ulidhani nilipanga?" Akasukuma mbuzi pembeni, akanishika mkono ukiwa na tui. Katika miaka tisa ile, alisema, jina lake la uani lilikuwa lile lile langu.

Nilipewa letrozoli, vidonge vya siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Dawa hiyo ilianza kama tiba ya saratani ya matiti. Leo ndiyo hutangulizwa katika kuamsha upevukaji wa yai kwa wenye hali kama yangu. Nilipewa pia metformini, nikabadili mlo na kuanza kutembea asubuhi. Mzunguko wa tatu nilishika mimba. Wiki ya nane ikatoka. Wengine husema imeharibika, kama chakula kilicholala nje; nilimshukuru mama mkwe kwa kusema imetoka, kwani kitokacho kilikuwamo.

Mimba ya pili ilikaa, lakini haikuwa nyepesi. Nilikuwa nimekwisha kuonywa kwamba wenye hali hii huandamwa zaidi na kisukari cha mimba, shinikizo la damu, na kujifungua kabla ya wakati. Wiki ya 26 kipimo kilionyesha kisukari. Nikajifunza kujichoma kidole, kuupima ugali kwa kikombe, kunywa chai isiyo na sukari katika nyumba ambamo chai isiyo na sukari ni tusi kwa mgeni. Neno mjamzito, ambalo nilikuwa nikiliandika bila kulitazama, likanifunulia viungo vyake: mja, mzito. Binti yangu alizaliwa wiki ya 37. Sasa ana miaka minne, na anakataa kulala.

Lakini nisingependa insha hii iishie kwa mtoto, kwa sababu ingekuwa inasema kwamba neno lile lilikosea kwangu tu. Kwenye benchi la kliniki nilikuwa na mwenzangu, mwalimu wa sekondari, aliyemeza vidonge vile vile, akapimwa kwenye mashine ile ile. Yeye hajapata. Dua zake hazikupungua zangu, wala subira yake. Kama mimi sikuwa tasa nilipokuwa nikingoja, kwa nini yeye awe? Kuzaa kunaweza kumkosa mtu; hakumfanyi mtu kuwa jangwa.

Nimezirudia namba za mwalimu wangu. Kila namba nzima iliyozidi moja, kama yenyewe si tasa, imeundwa kwa kuzidisha namba tasa: 12 ni 2 mara 2 mara 3. Zilizoitwa tasa ndizo zilizozizaa nyingine zote. Sijui kama aliyezipa jina alilitambua hilo, lakini namba zimemjibu.

Ndugu zangu watunzi, siombi neno lifutwe katika kamusi. Naomba tulipime kabla ya kulitia katika vina. Ardhi tunaweza kuiita kame, mwaka tukauita wa njaa, Kiswahili hakijatupungukia. Na wewe ambaye mwezi wako umepotea njia, usingoje uani wakupe jina: nenda ukapimwe. Shairi langu la ukame nimelitoa katika diwani yangu, na mahali pake nimeweka ubeti huu, niliomwandikia mwenzangu wa kwenye benchi:

Mwezi u mbali mbinguni, hukawia kuandama,
Haufi mwezi gizani, hungoja wakati mwema,
Sinitie kaburini, kwa neno ulilosema,
Liondoke ulimini: si tasa asiye mama.