Ndoto ya Mfalme wa Melaka

Tanga, Ijumaa

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata, na kicheko chako nimekisikia mpaka barazani. Ati Sejarah Melayu, kitabu kizima cha Waislamu, kinasema mfalme wa Melaka kalala kafiri, kaamka katahiriwa, nawe unauliza mwalimu anawasomesha historia au hekaya.

Isome tena, polepole safari hii. Mtume (s.a.w.) anamjia mfalme usingizini, anamfundisha shahada, anampa jina la Muhammad, kisha anamwambia kesho alasiri litatia nanga jahazi kutoka Jidda. Kulipokucha mfalme anaitamka kalima tu, hanyamazi, mpaka wanawake wa nyumba yake wakadhani kapagawa. Akaitwa Bendahara, yaani waziri mkuu. Naye hakusema amina! Alijibu kwamba jahazi likija alasiri, ndoto ni ya kweli. Lisipokuja, ni shetani tu anamchezea bwana wake. Likaja. Sheikh mmoja, Sayyid Abdul Aziz, akashuka akaswali ufukweni, watu wakasongamana kumshangaa anavyoinama na kuinuka, na mfalme akapanda tembo kwenda kumlaki.

Umeona sheikh kafika lini? Kafika mfalme keshasilimu. Hakuna Mwarabu wala Mhindi wa kuja kujigamba pale kwamba yeye ndiye aliyemtoa mfalme wa Melaka gizani. Na Melaka ilikuwa na sababu ya kuona wivu. Ng'ambo ya mlangobahari, Sumatra, Pasai ilikwisha kuwa na sultani Mwislamu zamani: jiwe la kaburi la Malik al-Salih lina mwaka wa 696 Hijria, yaani 1297. Naye, kwa mujibu wa hekaya ya Pasai, alimwota Mtume, akatemewa mate kinywani, akaamka anaisoma Kurani. Melaka iliyokuja nyuma ingekubalije kusilimishwa na mpita njia?

Lakini mimi huyo Bendahara ndiye anayenichekesha. Amri ya kukitunga kitabu hicho ilitoka Johor mwaka 1612, Melaka ikiwa mikononi mwa Wareno tangu 1511, na mtu anayetajwa kuwa ndiye mtunzi ni Tun Sri Lanang. Cheo chake? Bendahara. Basi Mtume kamjia mfalme, sawa, lakini ndoto haikupita mpaka waziri alipoipima kwa saa na jahazi. Mwenye kalamu hakujisahau.

Nawe usijifanye mgumu wa kuamini. Ulipokuwa na miaka sita nilikuhadithia yule Mshirazi wa habari za Kilwa, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Hukucheka hata kidogo. Uliniuliza zilikuwa nguo za rangi gani.

Mjomba wako