Tundu Dogo Kinenani

Nyuma ya goti langu la kulia mna mrija. Mshipa mkubwa wa damu upitao hapo ulikuwa umetuna kama mpira wa ndani wa baiskeli uliochoka. Waganga huuita uvimbe huo aneurizimu. Wa goti haupasuki mara nyingi kama ule wa tumboni. Hatari yake ni damu kuganda ndani yake, bonge likateremka na kuziba mishipa ya wayo, mtu akakatwa mguu. Huwapata zaidi wanaume wazee, na karibu nusu yao huwa nao miguu yote miwili. (Wangu wa kushoto ni mzima, namshukuru Mungu.)

Mwaka 1785, mjini London, mpasuaji John Hunter alimtibu mwendesha gari la farasi kwa kuufunga mshipa wa pajani. Siku hizi hupasua mguu na kuunga mshipa mwingine wa mgonjwa mwenyewe, au hutoboa tundu kinenani na kupenyeza mrija wa kitambaa wenye mbavu za chuma. Mimi nilitobolewa. Siku ya tatu nilikuwa barazani kwangu, majirani wakistaajabu.

Lakini goti hukunjwa. Hukunjwa tukikaa, tukipanda ngazi, na kwetu sisi tukichuchumaa chooni. Kila mwalimu amemwona mtoto akikunja na kukunjua waya mpaka ukakatika. Mrija nao huweza kuvunjika, au kuhama, damu ikavujia pembeni na kuendelea kuujaza uvimbe. Huweza pia kuziba. Wangu uliziba mwezi wa saba. Mguu ukawa wa baridi, vidole havisikii. Mke wangu aliushika, akasema, "Mwalimu, huu si mguu wa mtu aliye hai. Twende." Walinitiririshia dawa ya kuyeyusha damu usiku kucha, muuguzi akilichunga tundu lisitoke damu. Mguu ukapona, kidole kimoja kimebaki na ganzi.

Silaumu njia yenyewe, maana mzee mwenye moyo dhaifu huenda asikihimili kisu. Ninachodai ni maelezo. Mara ya kwanza nilirudi na karatasi ya kusafisha kidonda, isiyo na neno juu ya goti wala ubaridi. Chuoni hatukumruhusu mwanachuo kuingia darasani na kichwa cha somo tu.

Sasa nameza aspirini kila siku, na mjukuu wangu amenitengenezea kiti cha mbao cha chooni. Usiku, kabla ya kulala, nazishika nyayo zote mbili na kulinganisha joto lake.