Damu iliyo ndani ya kondo

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wazazi mnaoishi katika kambi za wakimbizi wa ndani hapa Ituri, leo naongea juu ya kondo la nyuma. Tunalizika, na ndani yake bado mna damu ya mtoto.

Mwaka jana shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alijifungua kwa miezi saba baada ya kutembea siku mbili akikimbia risasi. Mtoto alikuwa na kilo 1 na kidogo. Walimchoma mkononi, mguuni, kisha kichwani, wapate damu ya kupima. Nesi hakuwa na roho mbaya; mshipa wa mtoto kama huyo ni mwembamba kama uzi.

Sasa fanyeni hesabu. Mtoto wa kilo 1 ana damu kama mililita 90 mwili mzima, haijazi hata kikombe cha chai. Kumtoa mililita 5 ni kama kumtoa mtu mzima zaidi ya robo lita. Kesho wanatoa tena. Mtoto anapauka, mnaambiwa mtafute damu, na baba anazunguka kambini usiku akiuliza nani ana kundi O. Nani kati yetu hajaona hayo?

Kuna njia nyingine. Mtoto akizaliwa salama, mkunga anangoja angalau dakika 1 kabla ya kufunga kitovu, ili mtoto apate kwanza damu yake. Hilo ni shauri la OMS. Kitovu kikiisha kukatwa, anasafisha kwa dawa upande uliobaki na kondo, anachoma sindano kwenye mshipa wa kitovu na kuvuta haraka, kabla damu haijaganda. Labo itajua kundi la damu, kama damu ni chache, na kama kuna vijidudu. Mtoto hajaguswa.

Lakini si vipimo vyote. Sukari lazima ifuatwe kwa mtoto mwenyewe, na kipimo cha UKIMWI hakitegemei damu hiyo, maana inaweza kuchanganyika na ya mama.

Nilipomsimulia mama yangu, alishtuka: “Damu ya kondo? Wanaipeleka wapi?” Simlaumu. Mtu aliyeacha shamba na nyumba hataki kunyang’anywa na kondo pia. Mimi naona mama aulizwe mapema, siku ya kupimwa mimba, si wakati uchungu umemshika. Na kondo lirudishwe kwa jamaa walizike kama kawaida. Mama aliposikia hilo, aliuliza tu kwa nini mjukuu wake hakufanyiwa hivyo.

Mjukuu mwenyewe yuko, anatambaa, anakula udongo kila tukigeuka.

Akina mama wenye mimba, mkienda kupimwa, ulizeni kama labo yao inapokea damu ya kitovu. Mahali pengine mtaambiwa vichupa hakuna. Wiki ijayo nitakwenda kumwuliza daktari mkuu wa zoni yetu ya afya vinakwama wapi, na jibu lake nitawaletea hapa hapa.