Kabla hujafunga begi

Kawetele, Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Mvua haijakatika tangu juzi na Mlima Rungwe umefunikwa wote na mawingu.

Baba yako amenisomea ujumbe wako. Unataka kuacha kidato cha tano uende Dar es Salaam kuigiza filamu. Yeye amekasirika. Mimi sikukasirika, maana kipaji chako nakijua tangu ulipokuwa unawaigiza wageni waliokuja kuposa. Ila kabla hujafunga begi nataka umjue Amandina Lihamba.

Alizaliwa Morogoro mwaka 1944. Ni mwigizaji, mwongozaji na mwandishi wa tamthilia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefundisha sanaa za maonyesho hadi akawa profesa. Itafute filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Ndiyo ya kwanza ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar. Humo Lihamba ni Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye ameacha kusema kwa miaka mingi kwa sababu ya jambo aliloliona utotoni. Hebu fikiri, mwanangu: mhusika mkuu, na hana maneno! Video unazonitumia, watu wanafokeana mwanzo mpaka mwisho, kisha wanalia. Samehe hana pa kujificha. Yote aliyonayo moyoni lazima tuyaone usoni na mwilini mwake, la sivyo hakuna filamu.

Nguvu hiyo ya kuigiza Lihamba ameitoa wapi? Nimelifikiria sana swali hili, na naamini imetokana na miaka mingi ya kusikiliza watu. Mwaka 1982, yeye na wenzake wa chuo kikuu, Penina Muhando na Eberhard Chambulikazi, walianza kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Wangeweza kufika na mchezo uliokwisha andikwa, wakaonyesha, wakapigiwa makofi, wakapanda gari. Hawakufanya hivyo. Walikaa na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua, na wanakijiji wenyewe wakayatia yale majibu katika maigizo na ngoma zao. Onyesho likiisha, watu hawakutawanyika. Mjadala ndiyo kwanza ulianza. Humo likajitokeza suala la wasichana wa shule kupata mimba, ambalo kwa kawaida husemwa jikoni tu, kwa sauti ya chini. Mwongozaji wa namna hii kazi yake kubwa ni kujua lini anyamaze ili wenye shida waseme.

Wala kuzionyesha shida zetu kwa ngoma si jambo geni kwetu. Wazee wetu wa Kinyakyusa walicheza ngoma msibani wameshika mikuki, na uchungu wote wa ukoo ukaonekana pale uwanjani.

Baadaye, mwaka 1996, Lihamba na Penina walianzisha Tuseme, mradi wa wasichana wa sekondari. Wasichana huchunguza wenyewe kinachowakwamisha shuleni, wakatunga igizo, wakaonyesha mbele ya walimu na wenzao, kisha wakajadili nini kifanyike. Msichana mwoga wa kunyoosha mkono darasani anasimama na kusema lake mbele ya shule nzima. Mimi nikilinganisha, hilo naliona kubwa kuliko hata Oscar.

Na shule Lihamba hakuiacha. Alisoma mpaka Uingereza, Chuo Kikuu cha Leeds, akapata udaktari mwaka 1985 kwa utafiti juu ya siasa na maigizo nchini mwetu baada ya Azimio la Arusha. Tamthilia yake ya Hawala ya Fedha ameijenga juu ya kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal. Angewezaje kukipata kisa hicho na kukileta kwetu bila kusoma?

Kwa hiyo ombi langu ni hili: maliza kidato cha sita, halafu omba nafasi pale chuo kikuu, au chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo. Baba yako nitamtuliza mimi. Ni mdogo wangu, atanisikia. Kwa sasa waulize wenzako bwenini nini kinawanyima usingizi, uandike wanavyosema wao.

Likizo njoo huku Kawetele. Nimekwisha zungumza na akina mama wanaouza ndizi, wamekubali ukae nao asubuhi nzima, mradi usiwazuie wateja. Walinicheka kwanza, kisha mmoja akaniambia ana mambo ya kusema tangu siku nyingi ila hajawahi kuulizwa. Anza na huyo. Nauli nitaituma kwa simu wiki ya mwisho ya muhula. Nijulishe tu tarehe mnayofunga.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye.