Miguu Katika Jiwe

Trilobiti, mnyama wa bahari za kale, kwa desturi huacha gamba lake tu, miguu huoza. Lakini mwaka 1892, karibu na Rome katika jimbo la New York, William Valiant aliona katika jiwe jeusi vipapasio vya rangi ya dhahabu: madini ya chuma na kiberiti yalikuwa yametwaa umbo la mwili laini. Charles Beecher wa Yale akachimba hapo miaka mitatu, akasugua mawe polepole hata viungo vikadhihiri kimoja kimoja. Akaondoka akiamini kwamba amelimaliza tabaka. Labda uchovu wake ndio uliokwisha. Alifariki mwaka 1904, mahali penyewe pakasahauliwa. Mwaka 1984 wakusanyaji wawili, wala si wanachuo, walipagundua tena. Miguu ilikuwamo bado.