Walipoambiwa Wapumzike

Nilipokuwa mdogo Kashikishi, Zambia, mzee mwenye kifua alikuwa na mahali pake: mkeka chini ya mwembe na kikopo cha makohozi pembeni. Maji aliletewa, ugali wa mhogo aliletewa, na kivuli kikihama wajukuu walimvutia mkeka. Ndiyo ilikuwa heshima yetu. Mama, mzaliwa wa Pweto ng'ambo ya Ziwa Mweru, alitukemea kwa Kiswahili chake cha Kongo kila alipomwona baba mkubwa akiinuka peke yake: "Mumukalishe mzee! Munapenda kumuua?" Na kila aliporudi kutoka kwa waganga, baba mkubwa alirudi na maneno yale yale: pumzika, mzee, usijichoshe.

Yeye alikuwa amechimba shaba Mufulira. Vijana wengi wa mkoa wetu wa Luapula walikwenda huko kwa barabara inayokatiza ardhi ya Kongo, wakavuka mto kwa pantoni pale Chembe, maana daraja lilikuja kufunguliwa mwaka 2008. Wakarudi uzeeni na vumbi la mgodi mapafuni. Lakini wachimbaji hawakuwa peke yao chini ya miembe. Walikuwapo wavuvi waliovuta tumbaku usiku kucha karibu na karabai, wakisubiri dagaa wetu, chisense, wapande kwenye mwanga. Walikuwapo waliopona kifua kikuu, dawa wakamaliza, pumzi isirudi. Na walikuwapo akina mama, ambao hakuna aliyewahesabu. Chisense hukaushwa juani juu ya mchanga, hawana madhara kwa kifua. Samaki wakubwa ndio hubanikwa, na mwanamke anayebanika samaki huinamia moshi saa nyingi, kisha anaingia jikoni kuinamia moshi mwingine. Uvuvi unapofungwa, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, baadhi yao huniambia kikohozi kimepungua. Machi kinarudi.

Nilisomea fiziotherapia Lusaka, katika chuo cha Evelyn Hone. Habari za kifua tulizofundishwa wakati wangu zilihusu zaidi makohozi: namna ya kumlaza mgonjwa, kumgonga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, kumfundisha kukohoa. Ni kazi nzuri, na bado naifanya. Ila mzee akishatoa makohozi yake tulimrudisha kitandani, na jamaa zake tukawaambia yale yale aliyokuwa akiambiwa baba mkubwa.

Amri hiyo ya kupumzika ina historia ndefu. Kabla ya dawa za kifua kikuu kupatikana, tiba ilikuwa hewa safi, chakula na kitanda; hospitali za namna hiyo zilienea duniani, na kwetu Afrika Mashariki wasomaji wanaijua Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa 1926. Ajabu ni kwamba wapinzani walikuwapo tangu zamani. Mwaka 1895 daktari Charles Denison wa Denver, Marekani, aliandika kitabu kizima kuhusu mazoezi na chakula kwa wagonjwa wa mapafu. Mwaka 1952 Alvan Barach wa New York akarudia hoja hiyo. Miaka ya 1960 Thomas Petty, huko huko Denver, akaanza kuwatembeza wagonjwa kwa utaratibu maalumu. Ikachukua miaka mingi kukubalika. Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822, na jibu likawa wazi kiasi kwamba wahariri walisema hakuna haja tena ya kupima utengamao wa mapafu, yaani mazoezi ya namna hii, dhidi ya kumwacha mgonjwa akae tu.

Sababu yake ni rahisi kumweleza mzee yeyote, nami humweleza hivi. Mapafu yaliyoharibika hayaponi. Lakini ukikaa kwa kuogopa kutweta, miguu inalegea, na msuli uliolegea unadai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Mwezi huu unatweta ukienda ziwani, mwezi ujao unatweta ukienda chooni, nawe unadhani ni mapafu yaliyozidi kuoza, kumbe ni mapaja. Mapaja yanaweza kujengwa hata ukiwa na miaka 70.

Mimi mwenyewe sikushawishika kwa Denver wala New York. Kule kuna mashine za kutembelea na vyumba vyenye kiyoyozi. Kilichonishawishi ni ripoti ya mwaka 2017 kutoka Kampala, ambayo mwenzangu mmoja alinitumia kwenye simu. Pale hospitali ya Mulago watafiti walikuwa wamewachukua watu 34 waliopona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu, wakawafanyisha mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita. Kipimo chao kilikuwa njia ya mita 10 yenye koni mbili: mgonjwa anakwenda na kurudi akifuata mlio, na mlio unazidi kuharakisha. Mwanzoni walifika wastani wa mita 299, mwishoni 377. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 45, vijana kwa wazee wangu, na hapakuwa na kundi la kulinganishia. Hayo niliyaona. Lakini mita 10 za uwanja uliosawazishwa hata sisi tunazo.

Tukaanza huku kwetu Mweru, uani, mimi na mwuguzi mmoja, asubuhi kabla jua halijawa kali. Vigingi viwili, kamba, benchi la kuinukia na kukaa, chupa za mchanga za kunyanyua. Kabla ya yote tulipima makohozi kuhakikisha kifua kikuu hakipo, tukapima presha, na kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni kikatuonyesha oksijeni. Wa kwanza kukataa walikuwa wanaume. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, nimefanya kazi miaka yote hiyo, leo unanichezesha gwaride?" Nikamjibu, "Eya mukwai (ndiyo, bwana), gwaride la pole pole." Akacheka, akakohoa, akasimama.

Tulichojifunza zaidi kilitoka kwa akina mama. Walikuwa wakitembea vizuri kuliko wanaume, halafu wakienda nyumbani wanashindwa kutwanga. Ilinichukua muda kuelewa. Mtu mwenye mapafu mabovu hupumua kwa msaada wa misuli ya mabega na shingo. Akiinua mikono kushika mchi au kujitwika ndoo, misuli hiyo inaitwa kazini mahali pawili. Basi tukaongeza mazoezi ya mikono, tukawafundisha kutoa pumzi wakati mchi unashuka, na kuitoa kupitia midomo iliyobanwa, taratibu, mara mbili ya muda wa kuivuta. Midomo ikibanwa, njia za hewa hazifungi mapema na hewa chakavu inapata kutoka. Pumzi ikikata kabisa, inama, weka mikono magotini, usilale chali. Mama mmoja mbanikaji samaki aliniambia kwamba hilo la kuinama peke yake limemwondolea hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa ikimkaba usiku. Naamini alisema kweli: nusu ya kazi yetu ni kumwonyesha mgonjwa kwamba kutweta si kufa.

Si kila kitu kiliwezekana. Watu wa kisiwa cha Kilwa (si ile ya Lindi, ni hii yetu iliyo ndani ya Mweru) wanategemea boti, na upepo ukivuma hawaji. Nauli mara mbili kwa wiki ni mzigo kwa mjane. Wengine walikuja hadi walipojisikia nafuu, wakaacha, na miguu ikalegea upya. Na sikubaliani na wenzangu wanaodhani mazoezi yatatosha huku moshi ukiendelea. Tanuri la kubanikia lenye bomba la kutolea moshi juu lingefaa kuliko hotuba zangu zote.

Bado naona fedha ikitafutwa kwa ajili ya mitungi ya oksijeni, nayo inahitajika, lakini sijasikia anayeulizia mtu wa kuwatembeza wazee. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa sugu wa kuziba mapafu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, ukawa wa nne kwa kuua duniani. Ndugu msomaji, kama kwako yupo mzee ambaye dunia yake imekuwa mkeka mmoja, mpeleke apimwe makohozi na moyo. Kisha uliza, kwa heshima lakini bila kuchoka, ni nani atakayemfundisha kutembea tena. Asikubali kurudi nyumbani na vidonge peke yake.